Barazani kwa Mwalimu: Mungu wa baba yangu ana fimbo

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi uliopita niliuliza hapa barazani: ni jambo gani la utotoni limekushika mpaka leo, katika imani yako au katika tabia yako? Nilitegemea visa vya kuchekesha vya Shule ya Jumapili na vya madrasa. Vimekuja, lakini barua nyingi si za kuchekesha. Nimechagua chache. Majina nimeyaficha na vijiji pia, maana huku kwetu ukishataja kijiji na kazi ya baba, umeshamtaja mtu.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mgogo wa Mvumi, Mwanglikana, na nilipostaafu nikasomea ushauri nasaha. Si mchungaji, si daktari. Nikigusa dini ya mwenzangu, naigusa kama jirani.

Nikifumba macho, mabega yanapanda

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 38, ni fundi umeme, naishi Nzuguni na mke wangu na binti yetu wa miaka saba. Baba yangu alikuwa mwinjilisti katika kijiji kimoja wilaya ya Mpwapwa. Kengele ya kanisa ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na sisi watoto wake tulitakiwa tuwe tumeshakaa kwenye benchi kabla hajaigonga mara ya pili. Ukichelewa, au ukikosea katekisimu, unachapwa nyumbani baada ya ibada kwa fimbo ya mkole. Viboko vyenyewe sivilalamikii, enzi zile nani hakuchapwa. Kilichonibakia ni hiki: ukishachapwa unapiga magoti palepale, unafumba macho, unamshukuru Mungu kwa sauti kwa kuwa amekurudi. Usiposhukuru vizuri, kazi inaanza upya.*

*Mpaka leo nikifumba macho kuomba, mabega yanapanda yenyewe. Nasubiri. Mke wangu anaomba kama anaongea na mjomba wake, anafika hadi kucheka. Na mimi nilikuwa na mjomba wa namna hiyo, ndugu yake mama, mchunga ng'ombe, nikishachapwa alikuwa ananichukua machungani, lakini hayo ni mengine. Juzi binti kaniuliza, "Baba, mbona wewe chakula chako hukiombei?" Nikakosa la kusema.*

*Baba yupo, mzee sasa, huja mjini kliniki ya presha na hulala kwangu. Je, mimi sina imani? Na nimwambie baba, au nimwache azeeke kwa amani?*

*Fundi, Nzuguni*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nilimsomea mume wangu. Alinyamaza, kisha akatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Kwa hiyo ujue hauko peke yako, si katika rika lenu wala katika letu.

Mtoto huanza kuambiwa habari za Mungu kabla akili yake haijaweza kumfikiria mtu asiyeonekana. Anafanyaje? Anamchukua mkubwa anayemfahamu, anamwongezea ukubwa. Nilipokuwa nafundisha Shule ya Jumapili nilikuwa na swali langu moja la kuwachokoza: "Sasa hivi Mungu anafanya nini?" Mtoto wa mwenye duka alinijibu bila kufikiri, "Anahesabu." Mwingine akaweka kidole mdomoni akaninong'oneza, "Amelala, tusipige kelele." Baba yake alikuwa mlinzi wa usiku, mchana nyumba nzima ilitembea kwa kunyata. Hakuna mtu aliyemfundisha kwamba Mungu hulala mchana. Miguu yake ndiyo iliyojifunza.

Na wewe, mabega yako ndiyo yaliyojifunza. Ulijifunza kwamba macho yakifumbwa, kuna mtu amesimama nyuma yako na hajamaliza.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia aitwaye Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, anakaa na akina mama, anawatazama watoto wao wachanga. Aligundua jambo ambalo bibi zetu wangemwambia bure: mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kutambaa akaenda kuchungulia mambo ya mbali, kisha anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea. Wasio na uhakika huo walilia sana, hata wakiwa mikononi mwa mama. Yeye hakuwa anachunguza dini. Lakini mimi nikiwatazama watu kanisani nawaona wote wawili. Mkeo ni yule wa kwanza. Anacheka na Mungu kwa sababu hana mashaka kwamba akigeuka atamkuta. Wewe umebebwa na bado unalia, na umedhani kilio hicho ni kukosa imani. Asiye na imani hasubiri mtu nyuma yake, mwanangu. Wewe unaamini sana. Unayemwamini ndiye aliyevaa koti la baba yako.

Kuhusu baba mwenyewe sitamtetea wala sitamtukana mbele yako. Wainjilisti wengi wa vijijini walifanya kazi kwa posho isiyotosha hata sabuni. Mtu wa namna hiyo heshima yake ni watoto wake. Wakichelewa kwenye benchi, kijiji kinacheka. Mithali 13:24 aliijua kichwani, ile ya fimbo. Waefeso 6:4, inayowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, iko katika Biblia hiyohiyo, ila sijawahi kuisikia ikinukuliwa na mtu aliyeshika mkole. Na nitasema wazi: kuchapa ni jambo moja, kumshurutisha mtoto ashukuru wakati machozi hayajakauka ni jambo jingine. Hilo la pili lilikuwa baya, hata kama lilifanywa na mtu mwema. Lilikunyima hata nafasi ya kununa.

Sasa nirudi kwa mtu uliyemsukuma pembeni. "Hayo ni mengine," umeandika. Si mengine hata kidogo. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakawafuata hadi utu uzima. Wapo waliokulia katika umaskini, ulevi na ugomvi wa wazazi vyote kwa pamoja. Kiasi cha theluthi moja ya hao waliobebeshwa mizigo mizito walikuja kuwa watu wazima wenye utulivu, wanaofanya kazi na kupenda wenzao. Ukiuliza walikuwa na nini, jambo linalojirudia ni kwamba alikuwepo mtu mzima mmoja aliyewajali bila masharti: bibi, mwalimu, jirani, wakati mwingine mtu wa kanisani. Mmoja alitosha.

Kwa hiyo nataka ukae uandike, kwenye karatasi, si kwenye simu: mjomba alifanya nini hasa? Alikuuliza kitu au alinyamaza? Alikupa nini ule? Ulirudi saa ngapi nyumbani, na mabega yako yalikuwaje? Nadhani ulifundishwa dini na watu wawili, ukampa sifa mmoja tu kwa sababu ndiye aliyekuwa na kengele.

Wakati unaandika, acha kufumba macho. Hakuna andiko linalodai. Yohana 17 inasema Yesu aliinua macho yake kuelekea mbinguni, ndipo akaomba. Omba ukiwa unatembea kuelekea stendi, omba ukiwa juu ya ngazi (umeshazima umeme, tafadhali). Maneno machache, ya kawaida, macho wazi. Binti mwambie ukweli wa umri wake: "Babu alinifundisha kuomba nikiwa naogopa. Sasa najifunza upya, nisaidie." Halafu yeye ndiye akiombee chakula chenu. Hatakudharau. Watoto hudharau tunapojifanya.

Baba usimwandalie mashtaka. Akija kliniki, jioni mkishakula, muulize yeye alifundishwa kuomba na nani, na nani alimchapa. Uliza kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu. Wazee wetu wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Akisimulia, la kwako litapata pa kuingilia. Asiposimulia, mwambie sentensi moja tu: "Baba, ile ya kushukuru baada ya viboko iliniumiza." Usidai msamaha pale pale. Mwandalie maji ya kuoga, mkalale.

Na kama usingizi unakatika, au unaona mkono wako unamwinukia binti, mwone mshauri. Sisi wa Dodoma tumeigeuza Mirembe kuwa utani wa vijiweni. Ile ni hospitali ya magonjwa ya akili yenye wataalamu, na mtu anayepita geti lile kuomba ushauri anatoka na akili zake zote.

Mtoto hataki taa izimwe

*Mwalimu shikamoo. Mwanangu wa miaka mitano amekataa kulala taa ikizimwa. Nimembana, kasema dada wa kazi alimwambia Mungu anaona hata gizani na huwachoma moto watoto waongo. Dada ni msichana mwema, mcha Mungu, na sitaki kumfukuza. Ila luku inakwisha.*

*Mama wa Nkuhungu*

Marahaba. Usimfukuze. Kaa naye jikoni umuulize yeye aliambiwa hivyo na nani, na alikuwa na miaka mingapi. Nina hakika na yeye alilala na hofu hiyo, na anampa mwanao alichopewa.

Mtoto usimwambie "dada ni mwongo", maana sasa atakuwa na waongo wawili wa kuogopea moto. Mwambie ni kweli Mungu anaona gizani, ndiyo maana mama anaweza kulala. Kisha zimeni taa pamoja, ukae naye kitandani mpaka apitiwe, usiku huu na zinazofuata. Hapo ndipo anapojifunza, si kwenye maelezo yako.

Halafu hukuniambia alidanganya nini. Kama ni sukari, yamalizeni kwenye sukari.

Bakora na sura

*Nafundisha madrasa hapa mjini. Mzazi amenijia juu kwa sababu nimemtia bakora mwanawe aliyeshindwa kuhifadhi. Mimi mwenyewe nilihifadhi kwa bakora. Bila hiyo haziingii.*

*Ustadh*

Ustadh, kwenye chuo chako mimi ni mgeni, naingia kwa adabu. Hadithi unaijua kunizidi: Al-Aqra' bin Habis alimwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Akajibiwa kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Hata shuleni, ambako bakora bado imeruhusiwa, kanuni zinaishia viboko vinne, na ni kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Kuingia, zitaingia. Wewe zilikuingia. Mimi nauliza habari za huyo mtoto akiwa na miaka 38, anafungua msahafu, mabega yako wapi. Soma barua ya kwanza hapo juu, kisha umtafute yule mzazi mnywe kahawa.

Ufunguo wa stoo uko shingoni kwangu

*Asalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, nina miaka 45, nauza nafaka soko la Majengo. Alhamdulillah sikosi. Lakini nina tabia ninayoificha. Nilipokuwa darasa la pili mvua zilikata mapema. Mama alikuwa anaugawa ugali kwa kisu, anapima kwa macho, anarudia kupima, na mimi kwa kuwa mkubwa nilipewa ukoko. Siku nyingine ukoko ulikuwa ndio mwisho wa habari. Sasa nina magunia, na bado naficha kilo kadhaa za mchele chini ya kitanda ambazo hata mume wangu hazijui. Stoo naifunga, ufunguo nauvaa shingoni. Wifi akija kukaa, nahesabu vikombe vya unga kichwani. Nikitoa sadaka natoa, ila naumwa. Mwezi uliopita nilikuta vipande vya chapati vimekauka kwenye begi la mwanangu wa darasa la tatu. Kila nikisikia hotuba ya ubahili naona nasemwa mimi. Ni mimi?*

*Mama Nafaka*

Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Sidhani ni wewe. Bahili anaumwa akitoa, ndiyo, lakini hakosi usingizi kwa ajili hiyo wala haandiki barua.

Tunaoishi nchi hii kavu tunajua njaa inavyokaa ndani ya watu. Dodoma hupata milimita zisizofika 600 za mvua kwa mwaka, na zote ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Zikikata Februari, mtama umeshachanua na hauna la kufanya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya vita vya kwanza vya dunia na baada yake kidogo. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakataa. Bibi hakuwahi kuisimulia mfululizo. Lakini akipepeta uwele, punje moja ikiruka nje ya ungo, anasimamisha kazi anaitafuta vumbini mpaka aipate. Na mgeni akija, anampakulia kingi kuliko sisi wote, kisha anageuka upande wa ukuta asione kinavyoliwa. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni heshima kwa mgeni. Nilipokua nikaelewa kwamba alikuwa anaumwa, na alikuwa anatoa hivyohivyo. Sijaona Mkristo mkarimu kuliko yule mwanamke, na hakuwahi kupona.

Nakuambia hivyo kwa sababu huenda unasubiri siku utakapotoa bila kuumwa ndipo ujione mtu wa dini. Siku hiyo inaweza isije. Toa ukiumwa. Mungu anayejua ule ukoko anajua pia bei halisi ya kikombe unachompa wifi yako.

Kuweka akiba si dhambi. Katika Sura Yusuf, Nabii Yusuf anawaagiza watu wa Misri waache mavuno katika mashuke yake isipokuwa kidogo watakachokula, na hivyo ndivyo baba zetu walivyoweka mtama kwenye kihenge, na mashuke yake. Lakini Yusuf huyohuyo ndiye aliyefungua ghala njaa ilipofika, na aliwafungulia hata ndugu waliomuuza. Alikuwa na ufunguo, hakuuvaa shingoni.

Kitu kitakachokusaidia, nadhani, ni kipimo. Mtu aliyekua na njaa haogopi kutoa. Anaogopa kutoa kusikokuwa na mwisho. Ndiyo maana naipenda zaka yenu: asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka, hesabu imekwisha, mkono unajua pa kusimama. Hesabu za duka kamwone shehe wako, mimi sizigusi. Ila nyumbani fanya hivi: tenga debe moja liwe la watu. Wifi, jirani, mwombaji, wote wanakula kutoka debe hilo, na wewe huhesabu vikombe vyake. Likiisha kabla ya mwezi, limeisha, hakuna aibu. Likibaki, usilirudishe kwenye gunia.

Mchele wa chini ya kitanda uache kwanza. Mwonyeshe mumeo. Kilichofichwa na wawili ni akiba.

Mtoto ndiye asisubiri. Yeye hajawahi kulala njaa hata siku moja, na anakausha chapati kwenye begi! Ameusoma mkono wako kwenye kufuli. Usimgombeze. Msimulie habari ya kisu na ukoko, yote, mpaka mwisho, na umwambie ni habari yako, si yake. Kisha mwachie apakue chakula cha wageni Ijumaa moja. Apakue anavyotaka. Wewe geukia ukutani.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka"

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, nilimaliza UDOM, nina kazi ya mkataba. Baba yangu alikuwa mlevi wa gongo, aliuza ng'ombe wa familia mmoja mmoja, na aliwahi kufungwa kwa kumjeruhi mtu kilabuni. Mama alitulea kwa kuuza mlenda mkavu na karanga. Mimi nimeokoka tangu sekondari, ingawa baadaye nililegea kidogo. Nakunywa kidogo wikiendi, si kama yeye. Nina mchumba. Baba yake, mzee wa kanisa, alipojua mimi ni mtoto wa nani alisema mbele ya watu: mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimjibu nini?*

*Kijana wa Bahi*

Marahaba, baba. Mzee wa kanisa anayejibu kwa methali hiyo aisome Ezekieli sura ya 18. Watu wa Israeli nao walikuwa na methali yao, kwamba baba wakila zabibu kali, meno ya watoto ndiyo yanayotiwa ganzi. Mungu akawaambia waiache, kila mtu atahukumiwa kwa lake. Mkwe mtarajiwa akibisha, mpeleke Makutupora aonje zabibu ambayo haijaiva, aone ni meno ya nani yanayokufa ganzi.

Wala nyumba haifungi mlango wa imani. Mwalimu Nyerere alizaliwa katika boma la chifu Burito wa Wazanaki, jina Kambarage alipewa la mzimu wa mvua, akabatizwa Mkatoliki mwaka 1943 akiwa mtu mzima wa miaka 21, kwa kuchagua mwenyewe. Baba yake alikuwa ameshafariki. Ukiwatazama Wakristo wa kwanza wa Ugogo wote, ni hivyohivyo: hakuna aliyezaliwa humo.

Hayo ni ya mzee. Haya ni yako.

Mzee amekosea adabu, lakini hajakosea kuuliza. Mimi nina mabinti, ningeuliza. Ulevi hupita katika familia kwa njia zaidi ya moja. Nyingine iko kwenye damu, nyingine iko kwenye kuona kila siku kwamba mwanamume akikasirika huenda kilabuni. Methali ya mzee inasema huna budi kuwa nyoka, na hiyo ni uongo. Lakini barua yako inataka niamini kwamba hakuna kilichokupata, na hiyo nayo siiamini. Mtu aliyetazama ng'ombe wakiondoka zizini mmoja mmoja amepatwa na kitu. Wapo wanaokuwa walevi, wapo wanaokuwa wakali kupita kiasi kwa pesa ndogo, wapo wanaooa wanawake wa kuwatunza kama mama alivyomtunza baba. Wewe umepatwa na nini? Mchumba wako anakijua?

Mtakapokwenda ukweni, mshenga asimsafishe baba yako kwa maneno matamu, kijiji kizima kinajua. Lisemwe mapema na kwa ufupi: baba alikunywa, alifungwa, mama ndiye aliyetulea. Na mama yako awepo siku hiyo, akae mbele. Wakitaka kujua umelelewa na nani, wamwone.

Ila kabla ya mshenga kuna sentensi yako moja imenikaa. "Nakunywa kidogo wikiendi, si kama yeye." Hakuna aliyekuuliza habari za kunywa, umeitaja mwenyewe na ukaipita haraka. Hiyo kidogo ni kiasi gani? Inapokwisha, ni wewe umeamua imetosha, au ni fedha imekwisha? Na wikiendi ikipita bila hiyo, inakuwaje? Niandikie hayo matatu kwanza. Ukweni watangoja.